Mzigo Usihamie kwa Mwananchi: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro

Kwa Waheshimiwa Madiwani na Wakuu wa Idara,
Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro,
Mvuha.

YAH: KALAMU, DAFTARI NA MASIJALA KUWA AKIBA YA MIFUMO YA MTANDAO

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kuwaletea hadharani shauri ambalo kwa sura yake laweza kudhaniwa kuwa dogo, kwa kuwa ni la makarani, vitabu vyao na wino wao, lakini ambalo kwa hakika lamgusa kila mtu wa wilaya hii aliyepata kuamka alfajiri, akafunga safari hadi ofisi ya umma akiwa na haja iliyo halali, na akarudi kwake magharibi hana alichopata; si kwa sababu amenyimwa, wala si kwa sababu mwenye kumhudumia hakuwapo, bali kwa sababu mtandao unasumbua, arudi kesho. Jawabu hilo limezoeleka mno, hata mwenye kulitoa haoni haya na mwenye kulipokea haoni ajabu, nami naandika kwa kuwa naamini yafaa wote wawili waone.

Mimi ni mkazi wa Mikese, na ukarani niliufanya zama ambazo ofisi ilikuwa ni meza, taipureta, kidau cha muhuri na kabati la majalada. Kwa hiyo nachelea kudhaniwa kuwa ni mzee anayeulilia ujana wake. La hasha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini methali hiyo sitaitegemea leo, kwa sababu msala huu haupiti: umekuja kukaa, na kheri yake ni dhahiri kwa kila mwenye insafu. Mfanyabiashara wa ufuta anayelipa ushuru wake kwa simu bila ya kumwandama mkusanyaji njia nzima, na mtumishi ambaye taarifa zake hazipotei tena kila anapohamishwa kituo, wamepata nafuu ambayo sisi wa zamani hatukuweza kuwapa. Siombi turudi tulikotoka. Naomba tu kwamba, siku ambayo mtambo umeshindwa, kazi ya watu isishindwe pamoja nao. Maana mtambo ukishindwa, mzigo wa kazi hauyeyuki, bali huhamia mabegani mwa mtu, na ofisi isiyojitayarisha huuhamishia kwa yule aliye dhaifu kuliko wote, yaani aliyesimama upande wa pili wa meza.

Juu ya jambo hili sisi watu wa Mikese tunao ushahidi wa kale. Kijiji chetu ki njiani tangu zamani: misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea bara ilipita huku, reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita hapa kabla ya kufika Morogoro mwaka 1907, barabara kuu inapita hapa, na mizani ya magari ya mizigo ipo hapa, na treni za umeme, zilizoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, zinapita katika ukanda huu huu. Sasa, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokwisha kuingia Morogoro mwezi wa Agosti 1916, Mikese ikafanywa mahali pa kuteremshia shehena za jeshi lililokuwa likielekea Duthumi na Rufiji, na shehena hizo zikapakiwa katika magari ya moto, ambayo kwa wakati ule yalikuwa ndiyo ustadi mpya wa dunia. Mvua ziliponyesha, njia ikawa tope, na magari yakakwama. Je, jeshi lilisimama? Halikusimama; ila shehena ile ile iliyokuwa juu ya magari ilitwikwa vichwani mwa wapagazi, ambao hawakuandaliwa chakula cha kuwatosha wala dawa, na katika vita vile vyote vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Sisemi kwamba mwananchi aliyekosa hati yake kwa ajili ya mtandao amefikwa na msiba wa mpagazi. Nasema kwamba kanuni ni moja, nayo ni kuwa kurudia njia ya zamani bila ya matayarisho hulipiwa na mnyonge, ilhali kuirudia kwa matayarisho hakumdhuru mtu.

Na matayarisho yenyewe yalikuwa yakijulikana vyema, tena hapa hapa, katika kazi ya reli. Katika reli ya njia moja, ambamo treni mbili zikikutana uso kwa uso hakuna pa kukimbilia, dereva hakuruhusiwa kuingia katika kipande cha njia mpaka akabidhiwe mkononi alama ya idhini iliyotoka katika mtambo maalumu wa stesheni. Mtambo huo nao uliweza kuharibika, na walioandika kanuni hawakujifanya kutolijua hilo: walimwekea mkuu wa stesheni utaratibu wa siku ya kuharibika, wakamtajia fomu ya kujaza, ujumbe wa kupeana kwa simu na mwenziwe wa stesheni ya mbele, nambari na saa ya kuandika, na sahihi ya kutia kabla ya kumkabidhi dereva karatasi hiyo. Hakuachwa abuni, wala hakuachwa aseme treni irudi kesho. Utaratibu ulikwenda taratibu zaidi, lakini ulikwenda, na jioni kila karatasi ilikuwa na mwandishi wake na saa yake.

Huenda mtu akasema kwamba hitilafu ni jambo la nadra, na kwamba si busara kujenga desturi juu ya nadra. Walakini matukio ya miaka michache tu yanatosha kulibatilisha neno hilo. Tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikaamkia gizani. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikadorora kwa siku kadhaa. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Ndugu zetu wa Unguja, waya wao wa umeme ulipoharibika mwezi wa Desemba 2009, walikaa hadi Machi 2010 bila ya umeme wa gridi, muda wa miezi mitatu. Jirani zetu wa Kenya, mwezi wa Julai 2023, waliona mfumo wa eCitizen, uliokusanya huduma nyingi za serikali mahali pamoja, ukishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni. Na tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro, lililotolewa na kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, lilizimisha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, hata huko India baadhi ya abiria wakaandikiwa kwa mkono kadi za kupandia ndege.

Zitazameni sababu hizo, Waheshimiwa: mbili ni za umeme, moja ya bahari, moja ya amri, moja ya hiana, moja ya kosa la fundi aliye mbali ambaye hajapata kusikia jina la Mikese. Hakuna hata moja ambayo mtendaji wa kata yetu, au mtumishi yeyote aliye chini yenu, angaliweza kuizuia. Kilicho katika uwezo wake ni kile atakachofanya mara baada ya kioo kuzimika. Na hapo ndipo ninapouliza kama tumemfundisha la kufanya, na kama, akilifanya, kazi yake itahesabiwa kuwa kazi.

Ipo idara moja katika wilaya hii ambayo imekwisha kulijibu swali langu, pengine bila ya kukusudia, nayo ni afya. Mwendee mganga wa zahanati siku umeme haupo, naye atamwandika mgonjwa wa nje katika kitabu cha MTUHA, yaani cha taarifa za huduma za afya, nambari 5, mjamzito katika nambari 6, mtoto katika nambari 7, na aliyejifungua katika nambari 12, kama vile wenziwe walivyofanya tangu vitabu hivyo vilipoanza katika miaka ya 1990. Na mwezi ukiisha hesabu za vitabu hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa takwimu. Mama naye ana kadi yake ya kliniki, ambayo huitunza pamoja na vitu vyake vya thamani, na ambamo chanjo za mwanawe na uzito wake vimeandikwa, hata akihamia Matombo au Kilosa, muuguzi asiyemjua anaweza kusoma historia ya mtoto kwa mwanga wa dirisha.

Kwa nini utaratibu huu hauanguki? Naona sababu tatu. Ya kwanza, kitabu na mfumo vinauliza maswali yale yale, kwa hiyo kilichoandikwa kwa kalamu leo kinaingia mtandaoni kesho bila ya kutafsiriwa wala kupunguzwa. Ya pili, kitabu huandikwa kila siku, si siku ya dharura tu, na mkono wa mwandishi haujasahau. Ya tatu, na kwangu mimi hii ndiyo kubwa, nakala moja ya habari imo mikononi mwa mwenye habari mwenyewe, ambaye haondoki na ahadi bali anaondoka na karatasi. Wala takwimu za kuandikwa kwa mkono zisidharauliwe: wilaya hii ya Morogoro Vijijini, pamoja na Rufiji, ndizo zilizochaguliwa katika miaka ya 1990 kwa mradi wa TEHIP, ambao ulidhihirisha kwamba fedha za afya zikigawanywa kwa kufuata maradhi yanayowaua watu wa mahali hapo hasa, badala ya kufuata mazoea, vifo vya watoto hupungua, na maarifa hayo, yaliyosifiwa hata ughaibuni, yalianzia kwa watu waliokwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza na kuandika.

Nakuja sasa kwenye upande ulio mgumu, nao ni wa fedha. Kwani najua kwamba mweka hazina yeyote mwaminifu atakaposoma barua hii atainua mkono na kuniuliza kama nimesahau vitabu vya stakabadhi vya HW5. Sijavisahau. Navikumbuka vitabu vya stakabadhi vilivyopotea na vishina vyake. Nakumbuka stakabadhi ya mlipaji ikisema kiasi hiki na kishina kikisema nusu yake. Na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka baada ya mwaka, zilizitaja halmashauri zilizoshindwa kuviwasilisha vitabu hivyo kwa ukaguzi. Namba za malipo za serikali, zilizoanza kutumika mwaka 2017, na mashine za POS walizopewa wakusanyaji, zililetwa kuwa dawa ya ugonjwa wa kweli, na anayetaka kuiondoa dawa hiyo simo katika kundi lake.

Lakini tuwe waadilifu katika kupima. Wizi wa vitabu haukutoka katika karatasi. Ulitoka katika wingi wa vitabu visivyohesabiwa, vilivyogawiwa bila ya kusainiwa na kurudishwa bila ya kukaguliwa. Na mashine nazo, kama ripoti za ukaguzi zilivyoonyesha, zimepata hila zake: ziko zilizokaa nje ya mtandao muda mrefu bila ya maelezo, na ziko ambazo makusanyo yake hayakufika benki kwa wakati. Hivyo chombo chochote kile, kiwe cha chuma au cha karatasi, hulindwa na nidhamu ya wanaokishika, na pasipo nidhamu hakuna chombo kilicho salama. Kitabu kimoja tu cha dharura kwa kila ofisi, chenye nambari zilizosajiliwa, kilichofungiwa sandukuni, kinachofunguliwa kwa sahihi za watu wawili baada ya kuandikwa saa ambayo mtandao ulikatika, na kinachofungwa kwa mstari na sahihi hizo hizo pindi mtandao unaporudi, hakifanani hata kidogo na yale marundo ya vitabu yaliyotutia aibu. Mkaguzi angekisoma kwa muda wa kunywa kahawa.

Liko pia shauri la masijala, ambalo huachwa nyuma kwa kuwa masijala haina sauti. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, nambari 3 ya mwaka 2002, inatutaka tuzitunze kumbukumbu za umma, na haikusema kwamba wajibu huo utakoma siku kompyuta itakapowekwa mezani. Jalada lililopangwa vyema, lenye barua zilizopewa nambari kwa zamu ya kuingia, lenye madokezo ya maofisa yanayoonyesha nani alishauri nini na nani aliamua, na lenye kitabu cha kuandikia barua zilizoingia na zilizotoka, ni hazina ambayo haihitaji umeme ili isomeke wala neno la siri ili ifunguke. Majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo mengine yalifukiwa ardhini wakati wa vita na kufukuliwa baadaye, yamo katika Nyaraka za Taifa na yanasomeka hata leo. Ilhali nyingi katika diski tulizozinunua kwa fahari katika miaka ya 1990 hazina mashine ya kuzisoma, na kilichomo humo ni kama hakikuandikwa. Karatasi nayo ina maadui zake, na sisi tuliokaa chini ya mvua za Uluguru tunawajua kwa majina: mchwa, unyevu, panya na moto. Ndiyo maana sisemi karatasi peke yake, wala mtandao peke yake. Nasema kila kimoja kiwe shahidi wa mwenzake.

Neno langu la mwisho kabla ya kuleta maombi ni juu ya watu. Ofisi nyingi zitanijibu kwamba vitabu vya zamani bado vipo, na rejista zipo kabatini, na hata ile taipureta ipo stoo, imefunikwa turubai. Kuwapo kwake si hoja. Rejista ambayo hakuna kijana aliyefundishwa kuijaza haina faida kupita karatasi tupu, na kabati ambalo aliyejua mpango wake alistaafu bila ya kumwonyesha mrithi wake limekwisha kufungwa, hata kama ufunguo unaning'inia mlangoni. Makarani waliojua kuyaendesha mambo hayo wangalipo, huko Mikese, Kingolwira, Ngerengere na mjini. Wengi wao wangefurahi kuitwa, na hawatadai posho kubwa, lakini umri hauwangoji. Akiba ya kweli ya ofisi ni maarifa yanayotumika. Chombo kisichotumika ni kumbukumbu ya akiba iliyokwisha.

Kwa hayo yote, Waheshimiwa, naleta maombi matano. Kwanza, kila idara ya halmashauri na kila ofisi ya kata na ya kijiji iandikiwe utaratibu wa ukurasa mmoja wa siku ya mtandao kukatika, unaotaja fomu gani itumike, nani aijaze, nani aishuhudie, na mwananchi apewe karatasi gani. Na ukurasa huo ubandikwe ukutani, mahali ambapo mwananchi naye atausoma. Pili, fomu hizo zipigwe chapa zikiwa na maswali yale yale ya mfumo, kwa mpango ule ule, ili kuziingiza baadaye kusiwe kazi ya kubuni. Tatu, uwekwe muda maalumu, wa siku chache baada ya mtandao kurudi, ambao ndani yake kila kilichoandikwa kwa mkono kiwe kimeingizwa mfumoni na mtu mwingine amekilinganisha na kuweka sahihi. Nne, masijala ipewe mtunza kumbukumbu aliyesomea kazi hiyo, rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni, na ratiba ya kuwaita wastaafu wawafundishe vijana. Tano, kwa yale yaliyo nje ya uwezo wenu, hasa stakabadhi za fedha, ambazo zimefungwa na sheria na mifumo ya taifa, mpitishe azimio na kulipeleka TAMISEMI, Hazina na Mamlaka ya Serikali Mtandao, mkiomba kibali cha kitabu cha dharura kwa masharti niliyoyaeleza. Kwani ombi la karani mmoja ni barua, lakini azimio la baraza la madiwani ni jambo ambalo wizara hulazimika kulijibu.

Hayo mawili ya mwanzo hayataki fedha nyingi: yataka karatasi, uamuzi na mtu wa kuyasimamia. Tena yanaweza kupimwa kabla ya kupitishwa. Chagueni siku moja ya kawaida ya kazi, mkaitangaze mapema ili watu wasipate taabu, na katika ofisi moja tu mzifunge mashine tangu asubuhi hadi adhuhuri, mkakae pembeni mkitazama ni huduma ngapi zitaendelea, ni ngapi zitasimama, na kila iliyosimama ilisimama kwa kukosa nini: fomu, ujuzi au ruhusa. Orodha mtakayotoka nayo itakuwa ajenda iliyo bora kuliko barua hii, kwa kuwa haitakuwa rai ya mzee wa Mikese bali itakuwa ithibati mliyoishuhudia kwa macho yenu, nanyi mtakuwa mmejua, kabla ya hitilafu ijayo, ni mzigo gani mnaouhamishia kwa wananchi na ni upi mnaoweza kuubeba wenyewe.

Nabaki, kwa heshima na utii,

Karani mstaafu,
Mikese, Morogoro.